Abu Ayyub Al-Ansari: Mzee wa vita aliyezikwa chini ya ukuta wa Konstantinopoli

  

Ndugu msomaji, kila mwaka Idi ya Mfunguo Mosi ikishapita, utawasikia watu wetu misikitini na majumbani wakiulizana nani ameanza sita na nani bado anajivuta. Wengi wafungao siku hizo sita hawajui kwamba mafundisho yake, katika mapokezi mashuhuri aliyoyaweka Imam Muslim katika Sahihi yake, yametufikia kupitia kwa mtu mmoja. Mtu huyo ni Abu Ayyub Al-Ansari (R.A.).

Tuliopita chuoni tukiwa wadogo tunalikumbuka jina hilo kwa sababu ya ngamia. Mwalimu alitusimulia jinsi ngamia wa Mtume (S.A.W.) alivyopiga magoti karibu na mlango wa Abu Ayyub, nasi tukafurahi, kisha somo likahamia kwingine. Hatukuambiwa kwamba mwenye nyumba ile aliishi nusu karne baada ya siku hiyo, wala kwamba aliimaliza karibu yote katika safari za jeshi, akazeeka humo, na kufia huko. Leo nataka tumtazame zaidi huyo mzee, maana kijana aliyempokea mgeni tunamjua tayari.

Jina lake ni Khalid bin Zayd bin Kulayb, wa ukoo wa Bani Najjar katika kabila la Khazraj, wenyeji wa Yathrib. Bani Najjar walikuwa na udugu na Mtume (S.A.W.), kwa kuwa mama wa babu yake, Abdul Muttalib, alitoka kwao. Abu Ayyub alikuwa miongoni mwa watu sabini na kitu waliokutana na Mtume usiku pale Aqaba mwaka 622 wakafungamana naye kumlinda. Miezi michache baadaye Mtume akahamia mjini kwao. Kila ukoo ulitaka ashukie kwake, naye akawaomba wamwachie ngamia njia. Ngamia akaenda hadi kwenye kiwanja cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl, mahali ulipokuja kujengwa msikiti. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Abu Ayyub, naye hakungoja mashauri ya watu: alishusha mizigo akaiingiza ndani, na mwenye mizigo akaifuata.

Nyumba ilikuwa na sehemu ya chini na ya juu. Mtume alichagua chini, kwa kuwa wageni wake wangeingia na kutoka kwa wepesi. Abu Ayyub na mkewe, Ummu Ayyub, wakalala juu kwa dhiki kubwa, wakijibana pembeni mwa ukuta kwa kuona aibu kutembea juu ya kichwa cha Mtume wa Mwenyezi Mungu. Usiku mmoja mtungi wa maji ukavunjika. Mke na mume wakaipapia ile nguo nzito waliyokuwa wakijifunikia, na hawakuwa na nyingine, wakaukausha mchanga wa sakafu kwa hofu ya tone kuchuruzika chini. Kulipokucha Abu Ayyub alimsihi mgeni wake hadi akakubali kuhamia juu. Siku nyingine chakula kilirudi bila kuguswa, naye akapanda mbio kuuliza amekosea nini. Akaambiwa kimetiwa kitunguu saumu, na Mtume hakupenda harufu yake kwa sababu ya Malaika anayezungumza naye. Haikuwa haramu kwa wengine, lakini tangu hapo Abu Ayyub akakichukia kile alichokichukia mgeni wake. Ugeni huo ulidumu kiasi cha miezi saba.

Mtume alipowaunganisha Muhajirina na Ansari kwa udugu, Abu Ayyub alipewa Mus'ab bin Umayr, yule kijana wa Makka aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa Qur'ani mjini Madina. Udugu huo haukudumu, kwani Mus'ab aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria (625). Abu Ayyub alikuwapo Badr mwaka 624, akawapo Uhud, akawapo katika Handaki mwaka 627, na katika vita vyote alivyovishuhudia Mtume. Mwaka 628, baada ya Khaybar, Mtume alimuoa Bibi Safiyya bint Huyay, ambaye jamaa zake walikuwa wameuawa katika vita na Waislamu. Kulipopambazuka Mtume alimkuta Abu Ayyub nje ya hema na upanga wake. Alikuwa amekesha akilizunguka, bila kuamrishwa na mtu, akihofia maisha ya Mtume. Mtume akamuombea ahifadhiwe kama alivyohifadhi.

Kuna habari nyingine ya nyumbani ambayo mimi naipa uzito kuliko hata upanga ule. Wanafiki walipomzulia Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), maneno machafu, na mji mzima ukawa unanong'ona, Ummu Ayyub alimuuliza mumewe kama ameyasikia. Abu Ayyub akamuuliza kama yeye mwenyewe angeweza kufanya jambo kama hilo. Mkewe akakana kwa kiapo. Basi, akamwambia, Aisha ni mbora kuliko wewe. Mazungumzo yakaishia hapo, na uvumi ukafia ndani ya nyumba ile.

Baada ya Mtume (S.A.W.) kufariki mwaka 632, Maswahaba walitawanyika. Wengine walikaa kufundisha, wengine walishika uliwali. Abu Ayyub alikuwa na kila sababu ya kutulia Madina akisimulia habari za ngamia hadi siku yake ya mwisho, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikuwa akisoma ile aya ya Sura At-Tawba inayowataka waumini watoke wakiwa wepesi au wazito, na akisema kwamba hajioni isipokuwa katika moja ya hali hizo mbili.

Fitna ilipozuka kati ya Waislamu wenyewe, alisimama upande wa Sayyidna Ali (R.A.). Mwaka wa 38 Hijria (658), pale Nahrawan, kabla ya mapambano na Khawarij, Ali alimkabidhi Abu Ayyub bendera ya amani. Kazi yake ilikuwa kuisimamisha na kunadi kwamba atakayeijia, au atakayejitenga na kurudi kwao, amesalimika. Watu wakaondoka kwa mamia. Naona Ali alijua anamchagua nani: bendera ya namna hiyo haifai kushikwa na mtu ambaye neno lake lina shaka. Baadaye aliachiwa uliwali wa Madina. Jeshi la Muawiya likiongozwa na Busr bin Abi Artat lilipoujia mji mwaka wa 40 Hijria, alitoka akaenda Kufa aliko Ali.

Hakuwa tajiri. Wapokezi wanataja kwamba alielemewa na deni la elfu ishirini akamwendea Abdullah bin Abbas, aliyekuwa liwali wa Basra. Ibn Abbas aliihama nyumba yake, akamwambia kwamba atamtendea kama alivyomtendea Mtume, akamwachia vilivyomo na kumpa elfu arubaini.

Na watu walikuwa wakimtumia kama mizani. Ibn Abbas na Miswar bin Makhrama walipokhitalifiana juu ya aliyehirimia hija, kama anaweza kuosha kichwa chake, hawakuendelea kubishana. Walimtuma mtu kwa Abu Ayyub. Mjumbe alimkuta anaoga penye nguzo mbili za kisima, amejisitiri kwa nguo. Mzee hakumwambia arudi baadaye. Aliishusha ile nguo hadi kichwa kikaonekana, akaagiza amwagiwe maji, akakisugua kwa mikono yake miwili mbele na nyuma, na kueleza kwamba hivyo ndivyo alivyomuona Mtume akifanya. Mara nyingine Abdullah bin Umar alimwalika kwenye harusi ya mwanawe Salim. Abu Ayyub alipoingia akaona kuta zimevishwa mapazia. Ibn Umar akajitetea kwa haya kwamba wanawake wamemshinda. Mzee akajibu kwamba angeweza kulihofia hilo kwa wengine, si kwake yeye, akageuka akaondoka bila kula. Wenye kumbi zetu za harusi za leo sijui wangemkalisha wapi.

Sasa tumfuate jeshini, maana huko ndiko thamani ya uzee wake inakoonekana. Katika zama za Muawiya, Waislamu walikuwa wanapigana na Warumi wa Mashariki nchi kavu na baharini. Wapiganaji wengi walikuwa vijana ambao hawakumuona Mtume. Walijua kupanda farasi na kurusha mshale, lakini mipaka ya vita, yaani kinachofaa na kisichofaa kutendewa adui, waliijua kwa kusikia tu. Abu Ayyub aliijua kwa kuona.

Katika safari moja ya baharini, jemadari akiwa Abdullah bin Qays Al-Fazari, alipita mahali mateka walipokuwa wakigawanywa. Akamuona mwanamke analia. Akauliza ana nini, akaambiwa ametenganishwa na mtoto wake. Hakwenda kuomba ruhusa kwa yeyote: alimshika mtoto mkono, akampeleka, akauweka mkono wake katika mkono wa mama yake. Msimamizi wa mgao akaenda kushitaki. Jemadari alipomuita mzee na kumuuliza, alijibu kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba mwenye kumtenga mama na mwanawe, Mwenyezi Mungu atamtenga na wapenzi wake Siku ya Kiyama.

Mara nyingine jeshi likiwa chini ya Abdurrahman bin Khalid bin Al-Walid, maadui wanne waliletwa wametekwa, akaamuru wafungwe na kupigwa mishale hadi wafe. Habari ikamfikia Abu Ayyub. Akasema kwamba Mtume alikataza kumuua kiumbe aliyefungwa hivyo, na kwamba yeye hata kuku hangemuua kwa namna hiyo. Huyo Abdurrahman ni mtoto wa jemadari mashuhuri kuliko wote, na watu wa Sham walimpenda sana. Aliposikia maneno ya mzee, aliwaacha huru watumwa wanne iwe kafara ya tendo lake.

Katika mojawapo ya safari za kuelekea Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi ambao leo ndio Istanbul, mpiganaji mmoja aliwavamia maadui peke yake akapenya safu zao. Watu wakapiga kelele kwamba anajiangamiza, wakiikusudia aya ya Sura Al-Baqara inayokataza mtu kujitia katika maangamizi kwa mikono yake. Abu Ayyub akawarekebisha. Aya hiyo, akaeleza, iliwashukia Ansari wenyewe, pale Uislamu ulipopata nguvu nao wakaanza kunong'onezana warudi kwenye mashamba yao yaliyoharibika. Maangamizi yaliyokusudiwa yalikuwa huko kubaki na mali na kuacha wajibu. Habari hii husimuliwa mara nyingi, na wapo vijana wa zama zetu waliosimuliwa hiyo peke yake na watu wenye malengo yao, bila kusimuliwa habari ya mama na mtoto wala ya wale mateka wanne. Mwenye kusimulia ya kwanza akaficha mengine amemkata mzee huyu nusu.

Kule Misri nako ana habari mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Alipita huko akiwa safarini kwenda vitani, wakati Sahaba mwenzake Uqba bin Amir alipokuwa liwali. Uqba akaichelewesha sala ya Magharibi. Abu Ayyub alisimama mbele ya watu akamuuliza sala gani hiyo, na Uqba alipotoa udhuru kwamba walikuwa na shughuli, akamkumbusha alivyofundisha Mtume juu ya kuiharakisha kabla nyota hazijasongamana. Miaka ikapita, uliwali ukashikwa na Maslama bin Mukhallad. Abu Ayyub, akiwa mzee zaidi, akafunga safari kutoka Madina hadi Misri kwa ajili ya hadithi moja tu, ile ya kusitiri aibu ya muumini. Kati ya waliyoisikia hakuwa amebaki isipokuwa yeye na Uqba, naye alitaka kuhakikisha kumbukumbu yake. Alifika, akaonyeshwa nyumba ya Uqba, akaisikia hadithi, akarudi kwa mnyama wake papo hapo akashika njia ya Madina. Zawadi aliyoandaliwa na Maslama ilibidi imkimbilie nyuma. Ilimkuta Arish, mpakani. Yule aliyemkosoa mbele za watu ndiye aliyemwendea baadaye kama mwanafunzi, mwendo wa majuma mengi jangwani, kwa maneno ya mstari mmoja.

Lakini hakuwa malaika, na vitabu havikulificha kosa lake. Muhammad bin Sirin ametuhifadhia kwamba tangu Badr, Abu Ayyub hakukosa vita ila alikuwa kwenye vingine, isipokuwa mwaka mmoja tu. Mwaka huo jeshi lilipewa kijana aliongoze. Mzee akaona uzito, akabaki nyumbani. Mtu aliyepigana chini ya Mtume mwenyewe, leo apokee amri kwa mtoto! Tunaweza kumuelewa. Mwandishi wa makala haya amekaa katika kamati za misikiti kwa miaka mingi, na amewaona wazee wema, wenye elimu na historia, wakisusa vikao hadi mauti kwa kuwa mwenyekiti aliyechaguliwa ni kijana waliyemsomesha Juzuu Amma. Tofauti ni kwamba Abu Ayyub aliona kosa lake mapema. Aliujutia mwaka ule, akawa anajiuliza kwa masikitiko ilimhusu nini nani amewekwa juu yake. Hakurudia tena.

Na toba yake ilipata mtihani mkubwa, kwa sababu safari yake ya mwisho iliongozwa na kijana mwingine, naye ni Yazid mwana wa Muawiya. Jina hilo ni zito midomoni mwetu kwa yaliyotokea Karbala mwaka wa 61 Hijria (680), ila wakati wa safari hii Karbala ilikuwa bado miaka kadhaa mbele. Hata hivyo, fikiria: mzee aliyebeba bendera ya Ali anaandamana chini ya mtoto wa hasimu wa Ali, kijana wa miaka ishirini na kitu. Wanahistoria wanatofautiana juu ya tarehe. Kauli nyingi zinaangukia kati ya mwaka wa 49 na wa 52 Hijria, yaani kati ya 669 na 672. Miaka isiyopungua arubaini na saba ilikuwa imepita tangu Aqaba, na pale Aqaba alikuwa tayari mtu mzima anayefunga ahadi kwa niaba ya watu wake.

Jeshi lilipouzingira mji, maradhi yakamlaza. Yazid akaja kumzuru, akamuuliza haja yake. Hakuomba kurudishwa Madina, wala azikwe Baqi' karibu na mgeni wake wa zamani, jambo ambalo kila mmoja wetu angelitamani. Aliomba kwamba akifa wambebe, wasonge naye ndani ya ardhi ya adui hadi pale watakaposhindwa kuendelea, wamzike hapo. Kisha akawasimulia hadithi aliyokuwa ameibakisha kifuani, ya kwamba anayekufa bila kumshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote ataingia Peponi. Akafariki. Wasia wake ukatekelezwa, akazikwa chini ya ukuta wa mji.

Jeshi likarudi bila kuuteka mji. Al-Waqidi, aliyefariki mwaka wa 207 Hijria, amepokea kwamba Warumi wenyewe wakaja kuliheshimu kaburi lile, wakilizuru na kuliendea kuomba mvua nyakati za ukame. Yeye aliyewapigania akawa wao wanamtunza.

Ikapita miaka karibu mia nane. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji, na inasimuliwa kwamba sheikh wake, Ak Şemseddin, ndiye aliyelionyesha kaburi kwa njia ya kufunuliwa. Wanahistoria wana maneno yao juu ya habari hiyo, nami siingii kati. Lililo wazi ni kwamba mwaka 1458 ulijengwa msikiti mahali hapo, nje ya kuta za kale, karibu na mkono wa bahari uitwao Pembe ya Dhahabu. Ulipochakaa, Sultani Selim wa Tatu aliujenga upya, ukamalizika mwaka 1800. Masultani waliposhika ufalme walikwenda huko kuvishwa upanga, hadi wa mwisho wao, Mehmed wa Sita, mwaka 1918. Mtaa mzima unaitwa kwa jina lake, Eyüp, na watu wa Istanbul humuita Sultani, ingawa hakutawala zaidi ya huo uliwali mfupi wa Madina.

Nyumba yake ya Madina haipo tena. Mahali pake pamemezwa na upanuzi wa Msikiti wa Mtume. Kule Istanbul, maarusi bado hupita kaburini kwake siku ya harusi yao, na wazazi huwapeleka watoto wa kiume kabla ya tohara, wamevaa mavazi meupe na kofia za kifalme, wakapige picha uani na kumuombea dua mzee wa watu wa Yathrib.